Abiria katika Njia ya Shaba: Usafiri wa Watu Kolwezi na Lualaba, Jana na Kesho

Katika maandishi mengi yahusuyo historia ya reli ya Katanga, kinachohesabiwa ni tani. Msomaji huelezwa ni shaba kiasi gani iliyopita Sakania kwenda kusini, kiasi gani iliyoshuka Lobito kwa njia ya Dilolo, na kiasi gani iliyobebwa hadi Ilebo ikapakiwa majini. Abiria hutajwa kwa sentensi moja au mbili, kisha huachwa. Sababu haiko mbali: kampuni zilizojenga reli ziliweka daftari za kile kilichozipatia fedha, na mtafiti hufuata daftari alizozikuta. Lakini mtu atakaye kukadiria leo mahitaji ya usafiri wa watu katika Kolwezi na jimbo la Lualaba, iwe kwa reli, kwa barabara au kwa ndege, hawezi kuanza na daftari hizo bila kuuliza kwanza zilipima nini. Hoja ya makala haya ni kwamba tangu enzi ya Wabelgiji takwimu za abiria wa eneo hili zimepima nafasi zilizotolewa, wala si watu waliotaka kusafiri. Makadirio yanayojengwa juu ya takwimu hizo yatawaacha nje wale wale ambao historia imekwisha kuwaacha.

Kabla ya reli

Watu wa nchi ya Lualaba ya juu hawakungoja garimoshi ili wasafiri. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, Bunkeya, makao ya Msiri, ilikuwa njia panda ya misafara miwili mikubwa: ile ya mashariki iliyotoka Unyamwezi na pwani ya Bahari ya Hindi, na ile ya magharibi ya Waovimbundu waliotoka Bihé katika nchi ambayo leo ni Angola. Msiri mwenyewe alikuwa mtu wa kuja, mwenye asili ya Unyamwezi. Shaba, chumvi, pembe na watumwa vilipita hapo, na pamoja navyo ilipita lugha. Katika usafiri wa namna hiyo mpagazi alikuwa msafiri na chombo cha kusafiria kwa wakati mmoja. Hapakuwa na namna ya kutenganisha mtu na mzigo wake, jambo ambalo, kama itakavyoonekana, halijabadilika sana kwa mfanyabiashara mdogo wa leo. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891, na nchi yake ikaingia katika himaya ya Mfalme Leopold wa Pili.

Reli ilitangulia, mji ukafuata

Kampuni ya Reli ya Katanga, CFK, iliundwa mwaka 1902. Mwaka 1906 zikazaliwa kampuni mbili zilizotawala maisha ya jimbo kwa miongo mingi, Union Minière du Haut-Katanga na kampuni ya reli iliyojulikana kwa herufi BCK. Reli iliyotoka Rhodesia ilifika Elisabethville, yaani Lubumbashi, mwaka 1910. Ikafika Bukama, mahali ambapo Lualaba huanza kupitika kwa meli, mwaka 1918. Na mwaka 1928 ikafika Port-Francqui, ambayo sasa ni Ilebo, kwenye mto Kasai. Tawi la Tenke hadi Dilolo, lililounganishwa na reli ya Benguela inayoshuka hadi bandari ya Lobito, lilifunguliwa mwaka 1931. Kolwezi yenyewe iliasisiwa mwaka 1937 kama makao makuu ya migodi ya magharibi ya Union Minière. Mpangilio huo wa tarehe una maana yake. Miji mingi ya Afrika Mashariki ilikuwapo, kisha reli ikaitafuta. Hapa reli ilitangulia na mji ukafuata, na ramani ya reli ilichorwa kufuata mawe yenye shaba badala ya makazi ya watu.

Hata hivyo watu ndio waliofanya mawe hayo yawe mali. Eneo la migodi lilikuwa na wakazi wachache, na kampuni zililazimika kutafuta vibarua mbali. Bourse du Travail du Katanga, taasisi ya kuajiri vibarua, ilianzishwa mwaka 1910. Watu walitoka Rhodesia ya Kaskazini, Kasai, Lomami na Maniema, na kuanzia mwaka 1925 wakatoka pia Rwanda na Burundi. Safari ya kibarua wa Rwanda inastahili kufuatwa kwa hatua zake: kwa miguu hadi ziwa, kwa meli kuvuka Tanganyika hadi Albertville, ambayo leo ni Kalemie, kwa garimoshi hadi Kabalo, kwa meli tena kuupandisha Lualaba hadi Bukama, kisha garimoshi la BCK hadi migodini. Njia nne za uchukuzi zilitumika katika safari moja, na katika zote msafiri hakuchagua wala kulipa nauli. Alikuwa abiria, lakini kwa hesabu za kampuni alikuwa gharama ya uzalishaji.

Aliyetaka kusafiri kwa hiari yake alikutana na ukuta mwingine. Utawala ulimtaka Mwafrika awe na hati ya kuhama kabla ya kuiacha wilaya yake kwa muda mrefu, na hati hiyo haikutolewa ovyo. Katika mabehewa kulikuwa na ubaguzi wa rangi: Mzungu aliyetoka Cape Town alilala kitandani na kula mezani, naye mtu mweusi alikaa kwenye mbao. Ni dhahiri kwamba idadi ya abiria Waafrika wa miaka hiyo haiwezi kuchukuliwa kuwa kipimo cha haja yao ya kusafiri. Ni kipimo cha ruhusa.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 Union Minière ilibadili siasa yake ya kazi. Badala ya kuchukua vibarua wa miezi michache, ilianza kutoa mikataba ya miaka mitatu na kuwaruhusu wafanyakazi waje na wake zao. Hapo pakatokea abiria wa aina mpya, yaani mke anayemfuata mumewe, mtoto anayekwenda kutembelea babu, mfanyakazi anayerudi kwao likizo. Lugha ya Kiswahili ilikua pamoja nao. Johannes Fabian, katika kitabu chake Language and Colonial Power cha mwaka 1986, anaonyesha kwamba Kiswahili cha Katanga hakikuwa tu urithi wa misafara ya zamani, bali kilijengwa na mazingira ya kazi na kambi za migodi. Ushahidi wa wenyeji upo pia katika Vocabulaire de ville de Elisabethville, matini iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965 kwa Kiswahili cha mji huo, ambamo historia ya mji husimuliwa kutoka upande wa watumishi. Kwa mwanafunzi wa lugha, jambo la kuzingatia ni kwamba lahaja hii ni zao la wasafiri. Mluba, Mluunda, Mchokwe, Mbemba na Mtetela walikutana njiani na kambini kabla hawajakutana mjini.

Miaka ya 1950 ndiyo iliyokuwa kilele cha reli. Mabwawa ya Nzilo na Nseke, yote mawili jirani na Kolwezi, yalianza kutoa umeme, la kwanza mwaka 1952 na la pili 1956, na kuanzia mwaka 1952 sehemu za reli ya BCK zikaanza kuendeshwa kwa nguvu hiyo. Mwaka 1956 kipande cha Kamina hadi Kabalo kilikamilishwa, kikaunganisha reli ya Katanga na ile ya Maziwa Makuu. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kutoka Kolwezi hadi Kalemie pasipo kugusa maji.

Njia zinapokatika

Kilichofuata ni historia ya kukatika. Katanga ilijitenga tarehe 11 Julai 1960 chini ya Moïse Tshombe, na Kolwezi ilikuwa ngome yake ya mwisho. Majeshi ya Umoja wa Mataifa yaliingia mjini mwezi Januari 1963. Mwaka 1975 vita vya Angola viliifunga reli ya Benguela. Hesabu ya hasara iliyofanywa wakati huo, na hata baadaye, ilikuwa ya shaba iliyolazimika kuzunguka kwa njia ya Ilebo na Matadi au kwa njia ya kusini. Haikutajwa sana kwamba Waluunda na Wachokwe wenye jamaa pande zote mbili za mpaka walipoteza treni yao, na kwamba soko la Dilolo lilibaki mwisho wa njia isiyokwenda popote.

Mwezi Mei 1978 Kolwezi ilitekwa na wapiganaji waliotoka Angola. Askari wa miamvuli wa Ufaransa waliruka juu ya mji tarehe 19 Mei, na Wabelgiji wakafuata. Wageni kutoka Ulaya waliondolewa kwa ndege, wakati wenyeji wengi waliingia porini kwa miguu. Si lazima kutia chumvi katika kisa hicho, kwani kinaonyesha chenyewe ni nani aliyekuwa abiria wa njia ipi.

Lakini kisa kizito zaidi ni cha miaka ya 1992 na 1993, na ni ajabu kwamba hakionekani katika masomo ya uchukuzi. Wakati huo Gécamines, iliyokuwa mrithi wa Union Minière, ilikuwa imeporomoka baada ya kuanguka kwa mgodi wa Kamoto mwezi Septemba 1990, na siasa za jimbo, ambalo kati ya 1971 na 1997 liliitwa Shaba kwa jina la madini yake, ziliwageukia watu wenye asili ya Kasai. Walifukuzwa kwanza Likasi, kisha Kolwezi. Wengi wao walizaliwa Katanga, na baba zao waliletwa na treni ile ile kwa mkataba wa kampuni ile ile. Maelfu walilala stesheni na katika majengo ya jirani, wengine kwa miezi, wakingoja mabehewa ya kuwapeleka Mwene-Ditu na Kananga. Njaa na maradhi viliwaua wengi stesheni na njiani. Mtu anayetafuta mwaka ambao mahitaji ya usafiri wa reli yalipanda kupita kiasi katika Kolwezi hana budi kuutaja mwaka 1993, na hapo ndipo maneno ya wachumi yanapokosa nguvu, kwa sababu wasafiri hao hawakutaka kuondoka. Shirika la reli lenyewe lilipata pigo, kwa kuwa wafanyakazi wake wengi walikuwa wa asili hiyo hiyo ya Kasai.

Barabara, pikipiki na ndege

Tangu sheria mpya ya madini ya mwaka 2002, migodi ilirudi kwa nguvu, safari hii kwa mitaji ya kigeni na kwa wachimbaji wadogo waliokuja kwa maelfu kutafuta shaba na kobalti. Kolwezi, ambayo mwaka 2015 ilifanywa makao makuu ya jimbo jipya la Lualaba, ina leo zaidi ya watu nusu milioni. Reli haikuwa tayari kuwapokea. Mtandao wa SNCC, shirika la taifa, una urefu wa kilomita 3,641, na kati ya hizo 858 zilijengewa njia ya umeme. Lakini urefu katika karatasi haulingani na treni zinazopita. Mwaka 2010 Benki ya Dunia iliidhinisha mradi mkubwa wa kuifufua, na bado mabehewa ya abiria ni machache na ratiba yake ni ya kubahatisha.

Kwa hiyo watu wamehamia barabarani. Kati ya Lubumbashi na Kolwezi, mwendo wa kilomita 300 hivi kupitia Likasi, barabara ya lami yenye malipo imefanya basi kuwa chombo cha kawaida cha tabaka la kati, cha mwanafunzi na cha mtumishi wa serikali. Abiria hao hugawana njia na malori ya madini yanayoelekea Kasumbalesa, na ajali zake zinajulikana. Ndani ya mji, pikipiki za kukodi zimechukua nafasi iliyoachwa na mabasi ya kampuni. Baiskeli, ambayo Kiswahili cha Kongo huiita kinga, bado hubeba makala kutoka vijijini, ikisukumwa zaidi kuliko kupandwa. Ndege zinaunganisha Kolwezi na Kinshasa, na soko lake linaeleweka kwa urahisi: maofisa, wahandisi, wafanyabiashara wakubwa. Litakua kadiri bei ya kobalti na shaba itakavyoruhusu, na halitagusa maisha ya wengi.

Wasiohesabiwa

Tarehe 22 Aprili 2014 treni ya mizigo iliacha reli Katongola, karibu na Kamina. Watu zaidi ya 60 walikufa. Tarehe 10 Machi 2022 treni nyingine ya mizigo, iliyotoka Luena kwenda Tenke, ilianguka Buyofwe katika wilaya ya Lubudi, jimboni Lualaba. Waliokufa walikuwa 75 kwa hesabu iliyotangazwa baadaye, na majeruhi zaidi ya 100. Katika visa vyote viwili taarifa zilisema kwamba treni za mizigo hazichukui abiria, na kwamba waliokuwamo walipanda kwa siri.

Neno hilo linahitaji kutazamwa kwa makini. Mamia ya watu, wakiwa na magunia, watoto na ndoo za mafuta ya mawese, hawawezi kupanda kwa siri mchana kweupe katika stesheni zenye wafanyakazi. Walichokosa ni tiketi, na walikosa tiketi kwa kuwa hakuna aliyeiuza. Katika nchi ya Luena na Bukama, barabara huharibika majira ya mvua, na treni ya abiria hungojewa kwa siku au majuma. Mama mwenye samaki wakavu wa maziwa ya Upemba anayetaka kufika sokoni Kolwezi ana njia moja tu inayoweza kumbeba yeye pamoja na gunia lake. Basi litamtoza gunia zaidi ya yeye mwenyewe, na ndege haimhusu. Yeye ni mrithi wa mpagazi wa Bunkeya. Akifika salama, haingii katika takwimu yoyote. Akifa, huingia katika idadi ya wahanga, akiitwa mkosaji.

Namna ya kukadiria

Wataalamu wa mipango kwa kawaida huchukua idadi ya abiria wa miaka iliyopita, wakaizidisha kwa ongezeko la watu na la kipato, kisha wakaigawa kwa njia za uchukuzi. Mahali penye huduma ya kudumu hesabu hiyo inafaa. Mahali ambapo huduma ndiyo iliyokosekana, inatoa jibu lililokwisha kuamuliwa: kwa kuwa treni haikuwapo, abiria hawakuwapo, na kwa kuwa abiria hawakuwapo, treni haihitajiki.

Mfano wa TAZARA unasaidia kulivunja duara hili. Reli hiyo ya kilomita 1,860 kati ya Dar es Salaam na Kapiri Mposhi, iliyokabidhiwa mwaka 1976, ilijengwa kwa ajili ya shaba ya Zambia, shaba ya ukanda ule ule wa kijiolojia unaopita Kolwezi. Shehena yake haikufikia matumaini ya wajenzi. Lakini Jamie Monson, katika kitabu chake cha mwaka 2009, ameonyesha jinsi treni ya abiria ya kawaida, ile inayosimama kila stesheni, ilivyogeuzwa na wakulima na wachuuzi wa Kilombero na kwingineko kuwa soko lao na tegemeo lao. Haja hiyo haikuwamo katika mipango ya awali. Ilijitokeza kwa sababu treni ilikuwapo, ikapita kwa siku zinazojulikana. Nchini Kenya, tangu 2017, treni ya abiria ya Mombasa hadi Nairobi nayo imejaza viti wakati shehena ilikuwa ikitafutiwa wateja kwa amri ya serikali.

Kwa kufuata mwanga huo, matarajio ya Lualaba hayawi sawa kwa njia zote. Barabara ya Lubumbashi itaendelea kujaa, na tatizo lake litakuwa usalama na nauli, si uhaba wa wasafiri. Pikipiki itatawala mjini mpaka hapo halmashauri zitakapopanga mabasi. Mahitaji makubwa zaidi, na yasiyoonekana, yako katika reli za Luena, Bukama, Kamina na Kasai. Katika miaka ya karibuni vijana wa Kasai wameanza tena kushuka kwa wingi kutafuta kazi migodini, na kuwasili kwao kwa treni kumezusha maneno ambayo wenye kumbukumbu ya 1993 huyasikia kwa hofu. Mpango wa uchukuzi unaowahesabu watu hao kama tatizo la usalama tu, na si kama abiria, umekwisha kuchagua upande.

Kuhusu magharibi, ukarabati wa reli ya Benguela uliofanywa na Wachina ulifika Luau, mpakani, na treni za abiria za shirika la taifa la Angola zikaanza tena kwenda huko. Kisha muungano wa Trafigura, Mota-Engil na Vecturis ukapewa haki ya kuendesha njia hiyo kwa miaka 30, na mwanzoni mwa 2024 shaba ya Kamoa-Kakula ya Kolwezi ilikuwa imekwisha kupita humo hadi Lobito. Haki hiyo ni ya mizigo. Rais Joe Biden wa Marekani alipofika Lobito mwezi Desemba 2024, mazungumzo yalikuwa ya madini, na ndivyo ilivyotarajiwa. Kutoka Luau hadi Dilolo ni kuvuka mpaka tu. Kutoka Dilolo hadi Kolwezi ni zaidi ya kilomita 400 za reli chakavu upande wa Kongo, na katika makadirio ya ukarabati wake kinachotangulia daima ni tani za madini zitakazopita kwa mwaka. Msafiri wa Kasaji au Mutshatsha anayetaka kufika hospitali ya Kolwezi hupanda lori kiangazi. Masika hungoja behewa lolote litakalopita.